Taa Iliyokaa Mlangoni

Aliyejenga chumba cha kuzalia cha zahanati yetu hakuwahi kuzaa wala kumzalisha mtu, hilo naweza kuapa. Taa aliiweka mlangoni. Kitanda akakiweka mwisho wa chumba, karibu na bomba na mfereji wa maji machafu, kisha akaizamisha miguu yake ya chuma kwenye saruji ili kisitikisike. Kwa hiyo mkunga alifanya kazi akiwa ameipa taa mgongo, na kivuli cha kichwa chake kikaangukia pale pale anapotaka kuona. Ukisogea kushoto kinakufuata. Ukiinama kinakua.

Mkunga nilikuwa mimi. Ilikuwa Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, na dizeli ikipatikana tuliitunza kama dawa. Jenereta yetu ndogo ilikaa kwenye kibanda chini ya mteremko na iliwashwa tu mama anapokaribia kujifungua. Mwangalizi wake alikuwa mzee aliyekaa na injini miaka mingi mpaka masikio yakafa. Kumwita ilikuwa kazi bure, ndiyo maana tulikuwa na ishara. Shuka jeupe likitundikwa kwenye msumari wa baraza, mzee akaliona kutoka mlangoni pa kibanda chake, alipiga hendeli. Likiondolewa, alizima. Kila aliyefanya kazi pale aliujua utaratibu huo, na hakuna aliyefikiri kwamba mgeni hawezi kuujua.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza mikononi mwangu, juu ya kitanda kile. Mtoto alitoka salama. Damu ndiyo haikukoma. Alichanika ndani, mahali ambapo lazima jicho litangulie ndipo sindano ifuate, na jicho langu halikufika. Mhudumu alinishikia chemli, lakini mwanga wake ulimulika mapaja na ukuta, basi. Nilishona kwa kubahatisha, nikafumua, nikashona tena. Mwishoni nilimjaza vitambaa nikambana kwa ngumi mpaka gari lilipopatikana la kumpeleka hospitali. Alipona. Daktari aliniambia bila kunizungusha kwamba akizaa tena huenda akachanika pale pale, na asizalie mahali ambapo mkunga haoni anachofanya.

Naye akashika mimba tena.

Mume wake alikuwa mtu wa Kilimanjaro, fundi umeme katika hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mpango wetu ulikuwa mdogo wangu akazalie Arusha. Kama barabara ingekataa, mpango wa pili ulikuwa taa. Tangu mimba haijaonekana nilimwambia, "Shemeji, njoo uihamishe ile taa iwe juu ya kitanda." Akasema, "Kesho kutwa, shemeji, usiwe na wasiwasi." Alikuwa mtu mpole, mcheshi, na mwenye kesho kutwa nyingi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Mara jenereta ya hoteli imegoma, mara wageni wamejaa, mara gari halina tairi. Baadhi ya sababu hizo zilikuwa za kweli. Mimi sikuwa na moyo wa kuzipima. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likingojewa hapa lilikuwa la mdogo wangu. Nilimchukia kwa utulivu wake, na nilimwambia mke wake hivyo. Akanijibu kwamba mimi ningemchukia hata malaika akichelewa.

Masika ikaingia. Malori yakakwama kwenye mteremko wa kushukia Mto wa Mbu, yakaziba njia, na habari ya Arusha ikaishia hapo. Mama yetu alikuwa amekwisha kupanda kutoka kijijini kwetu Baray kuja kumsubiri mjukuu. Asubuhi moja ya mvua Landrova ya hoteli ikasimama mbele ya zahanati, imejaa tope mpaka kwenye vioo. Akashuka mdogo wangu ameshika kiuno, na nyuma yake mume na mfuko wa vifaa.

"Uchungu umeanza alfajiri," akasema shemeji.

"Basi leo ndiyo kesho kutwa yako," nikamwambia. "Ingia ndani."

Nilidhani atapanda juu ya dari. Alizunguka chumba ameinua uso, akatoka nje akaangalia paa, akarudi amelowa. "Juu hakuendeki, shemeji. Hawakuacha tundu la kupandia. Nikisema nifungue bati, misumari imeshikana na kutu, bati litapasuka, na mvua yote itamshukia mke wangu. Bati jingine tutalitoa wapi?"

"Kwa hiyo?"

"Kila kitu kitafanyika kutoka huku chini."

Nikauliza kwa nini asiupigilie waya chini ya dari tu, uonekane, nani anajali. Akabonyeza ubao wa dari kwa kidole gumba, na kidole kikaacha shimo. Unyevu wa miaka ulikuwa umeulainisha kama mkate uliolowa. Haukushika msumari. Waya ungemwangukia mgonjwa, na taa nyuma yake.

Kisha nikauliza swali ambalo hata leo nashukuru niliuliza. "Na umeme?"

Alinieleza kwa haraka. Swichi ya ukutani haikuwa kinga, kwa sababu waya wa moto ulipita kwanza kwenye taa, juu, ndipo ukashuka kwenye swichi. Fyuzi ya chumba ilikwisha kuungua zamani, na mtu akaweka kipande cha waya mahali pake, akakifunga kwa bolti ambayo sasa imeshikana na kutu, haifunguki. Fyuzi mpya zilikuwa hadithi tu miaka ile. "Kinga yetu ni mzee wa jenereta," akasema. "Asiwashe."

Nikateremka mwenyewe hadi kibandani. Nikamshika mzee bega, nikaweka mdomo sikioni mwake, nikapiga kelele mpaka koo likauma. "Babu! Leo usiwashe mpaka uone shuka! Umesikia? Mpaka uone shuka!" Akajipigapiga kifua, akatabasamu, akasema, "Shuka. Bila shuka, hapana." Nikarudi nimeridhika.

Kazi ikaanza. Shemeji alipanda juu ya stuli yetu ndefu ya miguu mitatu, akagongagonga dari kwa konzi, sikio limeelekezwa juu. Penye uwazi paliitika. Penye mbao palikufa sauti. Alisogea hatua baada ya hatua kutoka mlangoni hadi kitandani, akaniambia tuna bahati, mbao zimelala kwa urefu wa chumba na hapakuwa na iliyokatiza njia. Juu ya kitanda akatoboa tundu kwa kisu cha jikoni, pana kiasi cha mdomo wa kikombe. Akaichomoa taa ya mlangoni, nalo tundu lake likabaki wazi, ncha za waya zimening'inia.

Katikati ya matundu hayo mawili kulikuwa na giza tusiloweza kuliona. Alikuwa amenyoosha waya mnene wa uzio, akaukunja ncha kama ndoana, akasimama juu ya kitanda, akauingiza kwenye tundu la huko na kuusukuma kuelekea mlangoni. Mimi nilipanda stuli mlangoni, nikaingiza vidole viwili juu ya dari.

Nje ya mlango, kwenye korido, mdogo wangu alitembea ameshika ukuta, na mama nyuma yake akimsugua mgongo. Kila uchungu ulipomshika alisimama na kuguna, na mama akasema kwa Kiiraqw maneno yale yale aliyotuambia tulipokuwa watoto na homa. Nilikuwa nikihesabu nafasi kati ya mguno mmoja na mwingine. Nafasi zilikuwa zikipungua.

"Unaugusa?" akauliza shemeji.

"Siugusi."

Waya ulikwaruza mahali fulani upande wa kulia, ukapotea. Vumbi na mavi ya panya vikanidondokea machoni. Akaurudisha, akausukuma tena. Nikasikia umepita mbele ya tundu, ukaenda zake ukutani. "Umepitiliza!" nikamfokea. "Unafanya makusudi?"

"Shemeji, mimi sioni."

"Na mimi siku ile sikuona!" Nadhani maneno hayo yalimwingia, maana mikono yake ilisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Basi nikafumba macho. Kazi ya mkunga kwa sehemu kubwa ni vidole viwili mahali pasipoonekana, na nikajiambia hapa pia ni hivyo hivyo. Niliacha kutafuta kwa hasira. Nikasikiliza kwa vidole, na ule waya ukaja taratibu, ukanigusa kwenye ukucha. Nikaubana. "Huyu hapa," nikasema, kama ninavyosema kichwa cha mtoto kikifika.

Tulifunga waya wa umeme kwenye ndoana, akauvuta kurudi kwake, ukatokea juu ya kitanda. Ikabaki kuitundika taa yenyewe, na ubao ule usiobeba chochote. Akaomba kipande cha mbao. Nikampa banzi, kile kibao tunachofungia mfupa uliovunjika. Akakitoboa katikati, akakifunga uzi, akakisukuma juu kupitia tundu kwa wima, kisha akakilaza kwa kuvuta uzi, kikakaa juu ya dari kimelalia ubao pande zote mbili. Skrubu za taa zikaingia kwenye banzi hilo. Akaivuta taa kwa mkono, na dari haikulalamika.

Hapo ndipo chupa ilipopasuka. Nilisikia maji yakimwagika sakafuni pale koridoni na mdogo wangu akiita jina langu la utotoni. Nikatoka, nikampima. Njia ilikuwa karibu wazi. Nikamlaza kwenye kitanda cha wodini, chumba cha pili, nikamwambia asisukume hata kidogo mpaka nimwambie. Mama akachukua shuka la zahanati alilokuwa amejifunga mdogo wangu, limelowa, akatoka nalo. Sikumuuliza anakwenda nalo wapi. Nani angeuliza?

"Imebaki kuunga tu," akasema shemeji niliporudi. Alikuwa juu ya stuli, mlangoni. Mvua ilikuwa imezidi, inapiga bati kiasi kwamba tulisemezana kwa midomo. Nikasimama chini yake nimeshika plasta ya vidonda, maana utepe wa umeme hatukuwa nao. Koleo lake lilikuwa butu, kwa hiyo alifanya kama mafundi wote wa zama zile, akaukamata waya wa zamani kwa meno ili auvue ngozi. Mmoja ulikuwa kinywani mwake. Wa pili, uliokwisha kuvuliwa, ameushika kwa vidole.

Sijui kwa nini niligeuza kichwa. Pengine mdogo wangu alilia. Niliangalia koridoni, na globu ya koridoni ilikuwa nyekundu.

Si kwamba ilikuwa inawaka. Ilikuwa na uzi mwembamba mwekundu ndani, kama kaa la moto linapopulizwa, na uzi ule ulikuwa unakolea. Ndivyo taa zetu zilivyowaka siku zote, polepole, injini inapokusanya nguvu. Mvua ilikuwa imekula sauti yake yote.

Neno lingechelewa. Niliipiga stuli teke kwa nguvu zangu zote.

Alianguka kwa ubavu, bega la kushoto likatangulia kwenye kizingiti, na nikasikia mfupa. Waya ulimtoka kinywani na damu ya mdomo. Zile ncha mbili zikayumba hewani, zikagusana, zikapiga cheche kubwa ya buluu, na globu ya koridoni ikazimika. Chumba kikanuka kuungua.

"Shemeji!" akasema, akinitazama kama mtu aliyepatwa na wazimu. Kisha akaangalia juu, akaona ncha zilizoungua zikifuka moshi.

Injini ilikuwa imekabwa na ile cheche, lakini mzee angepiga hendeli tena. Nilikimbia barazani. Shuka lilikuwa kwenye msumari, jeupe, linadondosha maji. Kule chini nilimwona mzee ameinama juu ya injini yake, mtiifu kabisa, anafanya nililomwambia. Nikalinyofoa. Akainua uso, akaliona limeondoka, akaacha.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi pembeni, mikono imelowa. Yeye aliamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba maji ya uchungu hayaachwi machoni pa watu. Mama wa mzazi huyafua kwa mkono wake mwenyewe kabla mtoto hajatua, asije mwenye kijicho akayaona. Alilifua, akatafuta mahali pasipofika mvua, akaona msumari.

"Mbona unalitoa, dasi?" akaniuliza. Dasi ni msichana kwa Kiiraqw. Aliniita hivyo hata nilipokuwa na mvi. "Halijakauka."

Mdomo wangu ninaujua. Ulikuwa umejaa tayari. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya kumwambia kwamba alikaribia kumuua mkwe wake, na ningelisema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Lakini mvua ilikuwa imelegea, shemeji alikuwa amemsikia mama, na sauti yake ilinitangulia kutoka ndani, imekauka kwa maumivu.

"Mama! Usihangaike! Stuli imevunjika mguu, nimeanguka!"

Mama akapiga makofi. "Mwanamume mzima! Mke yuko kwenye uchungu, na yeye anaanguka na stuli!"

Nikaingia ndani na shuka. Shemeji alikuwa amejikokota hadi ukutani, ameushika mkono wa kushoto, uso umepauka. Akalitazama shuka, kisha akanitazama mimi, na alichonisemea kwa macho nilikielewa. Stuli ilikuwa imelala ubavu na miguu yake yote mitatu.

"Hujamwambia?" akanong'ona.

"Bado."

"Usimwambie."

Wodini mdogo wangu akapiga ukelele kwamba hawezi tena. Nikalifunga lile shuka kiunoni mwangu kwa fundo, lisionekane mahali popote duniani ila kwangu, nikaisimamisha stuli, nikapanda. Shemeji alinielekeza kutoka sakafuni, akivuta pumzi katikati ya maneno. Mwekundu kwa mwekundu. Mweusi kwa mweusi. Sokota mpaka usiweze kusokota tena. Zungushia plasta kila mmoja peke yake, usiache chuma kinaonekana. Nilisokota kama ninavyofunga uzi wa kitovu, nikaamini nitakufa hapo, na nikaogopa zaidi kwamba nikifa hakuna atakayemshona yule mtoto wa mama yangu. Nilipomaliza niliusukuma muungano juu ya tundu na kuliziba kwa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga.

Tukamleta mdogo wangu kitandani. Nikatoka barazani, nikafungua shuka kiunoni, nikalitundika kwenye msumari.

"Sasa unalirudisha?" akauliza mama.

"Lipate upepo, Aayo," nikamjibu, neno letu la kumwita mama.

Taa iliwaka nyekundu, ikawa ya njano, ikawa nyeupe. Ilikuwa juu ya kitanda. Kivuli changu kilikuwa miguuni pangu, kidogo, hakina kazi.

Alizaliwa msichana. Alilia mara moja, nikampa mhudumu, na damu ikaja kama nilivyojua itakuja. Nikafuta, nikafungua, nikatazama. Niliona. Niliona mchaniko ulipoanzia na ulipoishia, na ule mshipa mdogo uliokuwa ukitupa damu, mahali pale pale nilipobahatisha mara ya kwanza. Nilishona kwa utulivu. Damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma. Nililia huku nashona mshono wa mwisho, na machozi yenyewe sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Nilipotoka kwenda kumwita mama aje amshike mjukuu, niliikuta stuli barazani. Mguu mmoja ulikuwa umevunjwa, mbao nyeupe ya ndani imechomoza nje, na juu yake alama ya kiatu chenye tope. Shemeji alikuwa benchini karibu na mama, mkono umening'inizwa kwa kitambaa, anasimangwa. Kwa mkono mmoja na mguu alikuwa ameivunja wakati mimi nashona, ili maneno yake yapate ushahidi.

Sikumwomba radhi kwa teke, wala yeye hakunidai. Lakini tangu siku ile sikumsema tena, na mdogo wangu akanishangaa.

Mfupa haukuunga vizuri. Mkono wake wa kushoto haukupanda tena juu ya bega, na kule hotelini wakampa kazi ya stoo. Mama hakuacha kumtania. Kila ubatizo, kila harusi, aliwasimulia wageni habari za mkwe wake aliyeanguka na stuli mke akiwa kwenye uchungu, mkono wake akauita mkono mvivu, na shemeji alicheka kuliko wote. Mwaka mmoja mama alimwagiza seremala amtengenezee stuli fupi ya mloliondo, mti mgumu, miguu minne. "Hii haitakutupa, mkwe," akamwambia.

Siku tulipomzika mama, Baray, shemeji alikuja na stuli ile ndani ya gari, akaketi juu yake kando ya kaburi. Alitupa udongo kwa mkono wa kulia. Yule msichana wetu, aliyekuwa wa kwanza kuzaliwa chini ya taa ile, sasa mwenye watoto wake, akamsaidia kuinuka. Kisha akaigonga stuli kwa kiganja, akainama kaburini, akatabasamu na machozi yake.

"Bibi," akasema, "stuli yako bado nzima."

Baba yake alinitazama. Nami nikamtazama, tukanyamaza.